Koti la Kapteni Rabourdet

Katika mkahawa wa Mama Goulette, mkabala na kiwanja cha ndege, meza ya marubani ilikuwa ile ndefu iliyo karibu na jiko la makaa. Meza ya Zélie Courtin ilikuwa ya mtu mmoja, pale mlangoni, chini ya misumari ya kutundikia makoti. Kila aliyeingia akivua koti lake alimdondoshea matone ya mvua shingoni. Hakuna aliyemwambia akae hapo. Siku ya kwanza alipoingia na leseni yake ya urubani mfukoni, mwanamke wa kwanza kuipata katika kiwanja kile, alisimama katikati ya ukumbi akitabasamu, akingoja mtu asogee ampishe. Wanaume kumi na mmoja, watu wazima na masharubu yao, ghafla wakawa na kazi kubwa sana na mikate iliyokuwa mbele yao. Mama Goulette akaona haya kwa niaba yao, akaifuta ile meza ya mlangoni kwa aproni yake. Basi, ikawa yake. Mwaka mmoja na miezi miwili.

Kurudi kwa wenzake wa zamani nako hakukuwezekana. Zélie alikuwa mshonaji katika karakana ya Bwana Hennequart, alianza na maputo, kisha yakaja mabawa ya ndege. Walikuwa wanawake tisa kwenye chumba kimoja, sindano mkononi, domo halifungwi, na kahawa yao waliichemsha kwenye jiko dogo la chuma lililokuwa la kuyeyushia gundi. Bwana Hennequart ndiye aliyemtoa humo. Alitaka kuwaonyesha wateja kwamba ndege yake ni rahisi kuiendesha, hata mshonaji anaweza. Alimchagua Zélie kwa sababu alikuwa mwepesi wa mwili, na kwa sababu alikuwa mjane asiye na mtoto, yaani akianguka hakuna wa kuja kulia mlangoni. Hilo alilisema waziwazi, wala hakuona aibu.

Tangu hapo, Zélie akipita kwenye chumba cha washonaji, wale waliokuwa wakimwita "we Zélie, hebu njoo uone" walisimama na kusema, "Shikamoo, Bi Courtin." Kisha wakanyamaza mpaka atoke. Jamani, kuna matusi yanayouma kuliko heshima ya namna hiyo? Yeye hakuyajua.

Marubani nao walimpa jina. Walimwita Bibi Mayai. Sababu ni kwamba wao, kwa ndege zilezile za Hennequart, injini ileile, walimaliza raundi moja ya kiwanja kwa dakika tatu na sekunde kumi hivi. Zélie hakuwahi kushuka chini ya dakika tatu na sekunde arobaini.

"Anaruka na kapu la mayai mapajani," alisema Fernand Maugis, rubani mkuu, bila kupunguza sauti. "Anaogopa yasivunjike!"

Meza nzima ikacheka. Zélie aliinamia supu yake, masikio yakimwaka. Alikuwa amejaribu kila kitu. Alikula nusu ya chakula apunguze uzito. Alivua viatu vizito akaruka na vya kitambaa, akarudi vidole vimekufa ganzi. Hata Anthime, fundi wake, mtu mwema mwenye pua iliyovunjika, aliifungua injini mara tatu akaifunga tena asione kasoro.

"Injini haina neno, Bi mkubwa," alimwambia. "Labda ni mkono wako. Kata kona kwa ukali zaidi."

Alikata kona kwa ukali mpaka moyo ukamruka. Saa ikasema yaleyale.

Sasa, mwaka ule wa elfu moja mia tisa na kumi na moja kulikuwa na Kombe la Mabibi. Mwanamke atakayeruka umbali mrefu kuliko wenzake bila kutua, mpaka jua la tarehe thelathini na moja Desemba litakapozama, ndiye mwenye kombe. Bwana Hennequart alimwita Zélie ofisini wiki ya Krismasi. Hakuwa na hasira, alikuwa akimenya chungwa.

"Ukileta kombe, ndege utakaa nayo mwaka mwingine mzima," alisema. "Usipolileta, jeshi litakuja kuichukua tarehe mbili. Wanaitaka. Na wewe, Courtin, sindano yako ipo palepale ulipoiacha."

Kurudi kule chumbani! Zélie aliwaza wanawake nane wakisimama, "Shikamoo, Bi Courtin," kila asubuhi, mpaka azeeke, akiwa ameketi katikati yao na sindano ileile. Hapana. Juu angani hakuwa na mtu pia, ni kweli, lakini huko upweke ulikuwa wa kila mtu. Hata Maugis akiwa juu yuko peke yake. Ni chini tu ndiko wengine wana meza.

Umbali wa kushinda ulikuwa kilomita mia mbili arobaini na moja. Aliuruka Armance Duroy, kule kusini kwenye jua, tarehe ishirini na tisa. Zélie hakuwahi kumwona zaidi ya picha ya gazetini. Aliikata picha hiyo akaibandika ndani ya mlango wa kabati lake, na usiseme ni wivu. Huyo Armance ndiye mtu pekee duniani aliyejua kwamba mafuta ya nyonyo yanayorushwa na injini hayatoki kwenye nywele za mwanamke hata ukiosha mara nne. Zélie alimfikiria kila siku. Adui ndiye aliyekuwa karibu naye kuliko watu wote, na hata hawakuwahi kusalimiana.

Tarehe thelathini ukungu ulilala kiwanjani kutwa nzima. Tarehe thelathini na moja asubuhi ulikuwapo bado. Zélie alikaa kwenye banda la ndege na koti la manyoya, karatasi za magazeti zimepangwa kifuani na tumboni kuzuia baridi. Saa sita ukaanza kupasuka. Saa sita u nusu, Mzee Pruvot akaja na kiti chake cha kukunja, saa zake mbili, na daftari.

Mzee Pruvot alikuwa mshika saa wa kiwanja. Mtu mdogo, kimya, mwenye glavu zilizokatwa vidole ili aweze kuandika. Kazi yake ilikuwa kukaa chini ya mnara wa karibu na kuandika muda wa kila raundi. Hakuwa rubani, hakuwa fundi, na kwa Mama Goulette alikunywa kwa kusimama kaunta, kisha akaenda zake. Zélie na yeye walisalimiana kwa kichwa kwa mwaka mzima, wala hawakuwahi kuzungumza maneno kumi.

Sheria ilitaka shahidi wa pili kwenye mnara wa mbali, kwa sababu katikati ya minara ile miwili, iliyo kilomita mbili na nusu mmoja na mwingine, kulikuwa na msitu mdogo wa misonobari. Aliyekaa mnara wa karibu hakuweza kuona ng'ambo. Shahidi wa mbali, aliyewekwa siku za kuwania rekodi tu, alikuwa Kapteni Rabourdet, mstaafu wa jeshi, mwenye darubini na sharubu lililochanwa kwa nta. Raundi ni kilomita tano, kwenda na kurudi, na ni lazima uuzunguke mnara wenyewe kwa nje. Raundi arobaini na tisa zingempa Zélie mia mbili arobaini na tano, na jua lilizama saa kumi kasoro dakika kumi. Hapakuwa na nafasi ya kukohoa.

"Jua halingoji mtu, Bi mkubwa," alisema Anthime akishika rafadha, lile pangaboi la mbele ya injini. "Panda!"

Akaisukuma rafadha, injini ikanguruma, mafuta ya nyonyo yakamrukia Zélie usoni yangali na uvuguvugu. Akapaa saa saba kasoro dakika ishirini.

Raundi za kwanza zilipita kwa kazi. Upepo wa ubavuni, baridi ya kukata, macho yanatoa machozi nyuma ya miwani. Alivuka misonobari, akauona mnara wa mbali, na kando yake kiti na Kapteni ndani ya koti lake kubwa la bluu lenye kola ya manyoya. Zélie akampungia mkono. Kapteni hakujibu. Sawa, mtu wa jeshi yuko kazini.

Raundi ya sita akapunga tena. Ya tisa vilevile. Anachekesha mtu huyu, akawaza, au mkono unamuuma? Raundi ya kumi na moja akashuka chini zaidi kidogo, akapita karibu, na akaona. Lilikuwa koti. Limevalishwa mgongo wa kiti, kola imesimamishwa, na ndani yake hamna mtu. Kofia ilitundikwa juu ya kijiti.

Shahidi hayupo! Kaondoka, kaenda kunywa, kaenda kuota moto, shetani ndiye ajuaye, na raundi zote hizi hazitahesabiwa. Alitazama huku na huko. Barabara tupu. Shamba jeupe la jalidi mpaka upeo wa macho. Alitaka kupiga kelele, na alipiga, alimtukana Kapteni na mama yake na kikosi chake chote, na injini ikayameza yote.

Afanye nini? Akitua kulalamika, mwaka umekwisha. Akiendelea, pengine anaruka bure. Akaendelea. Labda mzee amekwenda haja nyuma ya mti, atarudi. Labda anatazama kutoka mahali. Kwa ajili ya hiyo labda, Zélie aliuzunguka mnara kwa karibu, kwa adabu, kila mara kwa nje, ili shahidi asiye na mwili asije akakosa la kuona.

Raundi ya ishirini. Ya ishirini na tano. Koti halikuondoka. Hapo ndipo upweke ulipompanda kwelikweli, na haukuwa ule aliouzoea. Kukosa mtu wa kuzungumza naye alikujua. Lakini kufanya jambo kubwa kuliko yote maishani mwako mbele ya koti! Mume wake Baptiste, Mungu amrehemu, angekuwa hai angesimama pale chini na miguu iliyoganda, akipiga makofi kila raundi. Baptiste hakuwa na akili nyingi, ila alikuwa mtu wa kutazama. Zélie alilia kidogo, na machozi yakaganda kwenye manyoya ya kofia.

Raundi ya thelathini na nane, vidole havikusikia usukani tena. Saa tisa na dakika tatu. Akapiga hesabu: kwa mwendo huu atamaliza jua likiwa linagusa ardhi. Dakika moja ya kuzubaa na kombe limekwenda. Na hapo, wacha tuseme ukweli, shetani akamjia. Ukishavuka misonobari, kata. Nani yupo? Pruvot haoni. Koti halina macho. Utapata sekunde thelathini kila raundi, utamaliza mapema, utateremka ukaote moto.

Alivuka misonobari. Mkono ukainama kushoto. Kisha akaunyoosha.

Hakujua kwa nini. Hakuwa mtakatifu, aliwahi kuiba riboni dukani akiwa msichana. Ila bawa la ndege lina mshono wa ndani ambao ukishafunikwa hakuna binadamu atakayeuona, na kwa miaka yote ile hakuwahi hata mara moja kuruka hatua ya sindano humo. Vidole vyake havikujua kufanya hivyo. Akaenda mpaka mnarani, akazunguka.

Akazunguka tena mara kumi na moja. Raundi ya arobaini na tisa alipoupita mnara wa karibu, Mzee Pruvot alisimama kwenye kiti chake akipunga bendera nyekundu kwa mikono miwili, na jua lilikuwa bado na upana wa kidole juu ya ardhi. Kilomita mia mbili arobaini na tano. Zélie akatua, akajaribu kuinuka, miguu ikakataa, Anthime akambeba kama gunia.

Na nani alikuwa amesimama pale, pua nyekundu, ananuka supu ya vitunguu na mvinyo? Kapteni Rabourdet. Bila koti.

"Hongera, binti yangu!" alisema, akimbusu mashavu yote mawili. "Nimeona raundi zote. Kila moja! Mizunguko safi kabisa." Akatoa karatasi mfukoni. Sahihi yake ilikuwa imeshakauka. Ilikuwa imetiwa tangu asubuhi, mtoto angeona.

Zélie alimkodolea macho. "Kapteni, lakini..."

"Kila moja," alirudia Kapteni, na akamkonyeza.

Kwenye banda la ndege, Anthime alimkalisha juu ya sanduku akaanza kumfuta mafuta usoni kwa kitambaa. Alikuwa anapiga mluzi kwa furaha.

"Haya niambie," alisema. "Ulikatiza wapi? Pale pale misonobari inapoishia kama Maugis, au ulijikaza mbele kidogo?"

"Kukatiza nini?"

"Ala! Mimi si polisi. Raundi, Bi mkubwa. Ulikata wapi?"

"Sikukata."

Anthime akacheka. Kisha akamtazama, kicheko kikapungua. "Usinitanie."

"Nimeuzunguka mnara. Mzee hakuwepo, Anthime, kiti kilikuwa na koti tu! Nilidhani hazitahesabiwa, nilidhani..."

"Zote arobaini na tisa?"

"Zote."

Anthime aliketi juu ya debe la petroli. Mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka akashika mbavu, machozi yakamtoka, akajaribu kusema akashindwa, akacheka tena. "Koti la Kapteni!" akasema hatimaye. "Haki ya Mungu! Mwaka wa tatu huu Kapteni anaacha koti anakwenda kula kwa dada yake, na hakuna hata rubani mmoja aliyefika mnara ule, ila labda siku ya kufanya mtihani. Wote wanageukia misonobarini! Wote! Maugis, Lescure, wote! Ndiyo maana wanapata dakika tatu na kumi, na wewe... Loo! Na mimi nafungua injini!" Akajipiga paja. "Hukuwa unajua? Kweli? Hakuna aliyekwambia?"

"Nani angeniambia?" Zélie akauliza.

"Si wanaliongelea kila siku mezani..."

Akaikumbuka meza ya mlangoni. Kitambaa kilikuwa bado mkononi mwake, kinadondosha mafuta.

Zélie alikuwa akipiga hesabu. Umbali mrefu kuliko wote wa kiwanja ulikuwa wa Maugis, kilomita mia mbili na sabini, umechorwa kwa rangi nyeupe juu ya mlango wa banda. Ondoa mita mia nane kila raundi, zile za kutoka misonobari mpaka mnara wa mbali na kurudi. Alihesabu mara mbili, kwa vidole, kama mshonaji anavyohesabu yadi. Haukufika mia mbili na thelathini. Basi hakuna mtu aliyewahi kuruka mbali kuliko yeye katika kiwanja kile, mwanamume wala mwanamke, na umbali huo ulikuwa ndani ya kichwa chake tu.

"Bi mkubwa, nisikilize," Anthime alisema kwa upole. "Kombe umepata, ndege umepata. Usiende kulisema hili mezani. Ama watakucheka mpaka Pasaka, ama wataogopa utawachongea, na wakiogopa hawatakusalimia tena. Leo watakuita kwao. Maugis ameniambia mwenyewe. Wakikuuliza, sema chochote, cheka nao, yaishe."

"Wataniita mezani?"

"Wameshaweka kiti."

Jioni ile kwa Mama Goulette palikuwa panameremeta. Taa zote zimewashwa, chaza kwenye mabakuli yaliyotandikwa mwani, soseji zinatoa mafuta jikoni, watu wanangoja mwaka mpya. Zélie aliingia na gauni lake moja zuri, nywele zinanuka nyonyo. Kwa mazoea akageukia meza ya mlangoni. Ilikuwa imeondolewa.

"Huku, huku!" Maugis alisimama, akavuta kiti kilichokuwa kati yake na Anthime, karibu kabisa na jiko. "Mwenzetu, karibu! Jamani, pisheni, mwenzetu amechoka!"

Mwenzetu. Neno hilo Zélie alilisikia mpaka kwenye magoti. Akaketi. Joto la jiko likampanda mgongoni, mtu akamwekea mvinyo, mwingine akamsogezea mkate, Lescure akamwomba radhi kwa habari ya mayai. Hakujua kwamba angeweza kufurahi kiasi kile kwa sababu ya kiti. Kapteni Rabourdet alikuwa upande wa pili na koti lake la bluu limerudi mabegani, akigawa chaza.

Kaunta, Mzee Pruvot alikuwa amesimama na bilauri yake. Kwa kawaida saa hiyo angekuwa amekwisha ondoka. Alikuwa na daftari lake chini ya kwapa, na karatasi iliyokunjwa mkononi, na alikuwa akimtazama Zélie kama mtu anayengoja zamu ya kusema.

"Sasa ungamo!" Maugis aligonga meza kwa kijiko. Kelele zikashuka. "Kila anayeketi hapa huungama. Mwenzetu, sema kweli mbele ya Kapteni. Lile koti tukufu, leo, ulilizunguka mara ngapi?"

Macho yote yakamgeukia. Yalikuwa macho mazuri, yenye uchangamfu, si yale yaliyoinamia mikate siku ya kwanza. Zélie alifungua mdomo. Arobaini na tisa. Ilikuwa pale ulimini, nambari nzima, na kichwani aliiona meza ikinyamaza, Maugis akiifikiria ile mia mbili na sabini yake juu ya mlango wa banda, vile viti vikisogea nyuma kimoja kimoja. Akaiona na baridi ya mlangoni. Chini ya meza, Anthime akamkanyaga mguu polepole.

"Mara mbili," alisema. "Mara ya pili nilipotea njia."

Wee! Meza ililipuka. Maugis alipiga ngumi ubao mpaka chaza zikaruka, Lescure akaegemea ukuta akilia kwa kicheko, Kapteni akajifanya kukasirika, "Mara mbili! Mnalichosha koti langu!" Wakamgongea bilauri kutoka pande zote. Zélie akacheka pia. Aliona kicheko chake kikitoka kizuri, cha kawaida, kama cha mtu mwingine yeyote aliyeketi pale, na alijua wakati huohuo kwamba ametoa kitu ambacho hakitarudi.

Mtu alisimama nyuma ya kiti chake. Alikuwa Mzee Pruvot, kofia mkononi. Aliinama mpaka mdomo wake ukawa karibu na sikio la Zélie, kwa maana kelele zilikuwa nyingi.

"Raundi ya kwanza, dakika tatu na sekunde arobaini na saba," alisema. "Ya arobaini na tisa, dakika tatu na arobaini na tano. Zote za katikati hivyohivyo. Mimi kazi yangu ni saa, Bi Courtin, sijaulizwa habari ya koti hata siku moja. Lakini miaka mitatu nimeandika karatasi za kiwanja hiki, na sikuwahi kuandika moja ya kweli mpaka nilipoanza kuandika za kwako." Akainua ile karatasi iliyokunjwa. "Leo niliileta. Nilidhani utasema, na mimi ningesimama nikasema nawe."

Zélie aligeuka. Alimwona mzee akiikunja ile karatasi mara nyingine, ndogo zaidi, na kuiingiza kwenye mfuko wa ndani wa koti. Hakuwa amekasirika. Uso wake ulikuwa umechoka tu, kama wa mtu aliyesimama siku nzima kwenye baridi akitazama jambo kwa makini.

"Mwaka mpya mwema," alisema, akavaa kofia.

Alitembea mpaka mlangoni, pale ambapo meza haikuwapo tena, akalichukua koti lake msumarini. Zélie alitaka kuinuka amfuate, amshike mkono, amwambie ile nambari hata huko nje, hata kwa sauti ndogo. Lakini mkono wa Maugis ulikuwa begani mwake, mzito na wa moto, na Mama Goulette alikuwa ameshamwekea supu.